Divai Chunguni: Chakula cha Msafiri katika Pwani ya Kroatia

Mama mmoja, msomaji wa jarida hili, alitufikia baada ya darasa la wanawake siku ya Alhamisi akiwa na swali ambalo hatukulitarajia. Mwanawe ameandikiwa kazi ya jikoni katika hoteli moja ya pwani ya Kroatia, kwa msimu mmoja wa watalii. Mkataba ameuona, mshahara ameuridhia, na tikiti i njiani. Hakutuuliza habari ya baridi, wala habari ya lugha. Alituuliza: “Sheikh, mwanangu huko atakula nini?” Alikuwa amesikia kwamba watu wa nchi hiyo hupikia divai kama sisi tupikiavyo nazi.

Alilolisikia lina ukweli wake, na ndiyo sababu tukaona jibu letu lisiishie mlangoni mwa msikiti. Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu siku hizi wamo katika meli za kitalii, na Dubrovnik na Split ni bandari ambazo meli hizo hutia nanga. Wapo wanafunzi walio katika nchi jirani, na zimeanza kuonekana familia zinazofunga safari kwa ajili ya matembezi tu. Nasi tulijaaliwa kuipita pwani hiyo mwezi wa Oktoba mwaka 2023, katika Mfungo Saba, pamoja na ahali yetu na binti yetu anayesoma Sarajevo, ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wetu kwa siku 8. Haya tunayoyaeleza tumeyaona kwa macho, na mengi katika hayo tumeyaonja.

Tuliteremka kwa basi kutoka Sarajevo hadi Mostar, tukaufuata mto Neretva, maji yake ya kijani kibichi mfano wa zumaridi, hadi mpakani Metković. Hapo msafiri na azingatie jambo moja: tangu tarehe 1 Januari 2023 Kroatia imo katika umoja wa nchi za Schengen, na Bosnia haimo. Visa ya huku si visa ya kule. Tuliwaona watu wakishushwa basini na mizigo yao kwa sababu hiyo, na mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Ng’ambo ya mpaka milima hufunguka na mto hujigawa mikono mingi katika bonde tambarare, lenye mifereji na vidau vidogo, na kila kipande cha ardhi kimepandwa machenza. Oktoba ndio msimu wake. Kando ya barabara wanawake hukaa na meza zao za mbao, wakiuza machenza, makomamanga, tini kavu zilizotungwa uzini, na asali. Ahali yetu aliteremka akanunua kilo 3 za machenza kabla hatujauliza bei, na muuzaji akamwongeza komamanga moja, kama wafanyavyo wauzaji wa Kongowea kwa mteja wa kwanza wa asubuhi. Mtu angedhani kwamba katika bonde lenye neema kama hiyo kila kitu ni cha kula bila ya kuuliza. Lakini mchuzi maarufu wa bonde hilo hupikwa kwa mikunga pamoja na vyura, katika chungu kimoja. Mikunga hatuna neno nayo. Vyura ni haramu katika madhehebu yetu ya Shafi, na mchuzi wao hauchujiki.

Tokea hapo huvukwa daraja la Pelješac, refu wa mita 2,404, lililofunguliwa Julai 2022. Kabla yake aliyekwenda Dubrovnik kwa gari hakuwa na budi kupita katika kipande cha pwani ya Bosnia, penye mji wa Neum, akaonyesha pasi mara mbili. Daraja likishavukwa, mtu huwa ameingia nchi ya mizabibu.

Hapa inafaa tusiipite divai kama kwamba haipo, kwani anayekwenda asijue atashtukizwa. Mahali pa kula pa kienyeji huitwa konoba. Asili ya neno hilo ni ghala la chini ya nyumba, ambamo mwenyeji huweka mapipa ya divai, mitungi ya mafuta ya zaituni na samaki wa chumvi. Basi mgeni aingiapo kula, kwa jina tu ameshaingia katika ghala la divai. Asishangae kuikuta mezani, chunguni, na hata ndani ya unga wa maandazi yao. Mizabibu yenyewe ni ya kale mno: Wayunani waliohamia kisiwa cha Hvar mwaka 384 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa waligawanya bonde la Stari Grad kwa kuta za mawe, wakapanda zabibu na zaituni. Mashamba hayo yangali yanalimwa hadi leo kwa mipaka ile ile, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Pelješac tuliona miteremko iitwayo Dingač, mikali hata mtu akijikwaa ataishia baharini. Zamani zabibu zake zilibebwa na punda juu ya mlima, mpaka wanakijiji walipotoboa njia ndani ya jabali katika miaka ya 1970. Punda huyo amechorwa kwenye chupa zao. Ahali yetu, aliyezaliwa Lamu, alisema kwamba angalau kuna watu wengine duniani wanaotambua fadhila za punda.

Sisi tuliiona kazi ile na tukaiheshimu, kwa kuwa jasho la mkulima ni jasho. Mzabibu ni neema, na wenyeji hao hula zabibu zake mbichi na kuzikausha. Kinachotoka katika mapipa yao hakituhusu, ila kwa njia ya kujihadhari nacho. Na kujihadhari huanza kwa kuyajua majina. Bevanda ni divai nyekundu iliyotiwa maji. Gemišt ni divai nyeupe iliyotiwa maji ya gesi. Prošek ni divai tamu ya zabibu zilizokaushwa, na mara nyingi hutiwa vyakulani. Twayataja kwa sababu hayana sura ya ulevi. Msichana mgeni aweza kuyaona kwenye orodha ya vinywaji akadhani ni soda za kienyeji. Kubwa zaidi ni travarica, pombe kali iliyorowekwa majani yenye harufu nzuri, ambayo mwenye nyumba humletea mgeni katika bilauri ndogo kabla ya chakula, bure, kwa ukarimu. Kuikataa si kumvunjia heshima. Weka mkono kifuani, useme “hvala, ne pijem”, yaani asante, sinywi. Mara 5 tulipewa, mara 5 tukasema hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Mmoja alirudi na maji ya limau.

Chakula tulichokikumbuka zaidi tulikila Ston. Ni mji mdogo uliozungukwa na kuta ndefu zilizopanda mlimani, zilizojengwa na dola ya Dubrovnik ili kulinda mashamba ya chumvi yaliyo chini yake. Chumvi ile ingali inavunwa. Mabwawa yake ya mraba, na maji yanayopungua juani siku hadi siku, yalitukumbusha Gongoni na Marereni, ila Ston ni padogo na ukimya wake ni mwingi. Ghuba ya jirani, Mali Ston, hufugwa chaza na kome kwenye kamba zilizoning’inizwa baharini. Chaza huliwa wabichi kwa limau. Kome hupikwa kwa namna iitwayo buzara: mafuta ya zaituni, kitunguu thomu, kotimiri, chenga za mkate, na divai nyeupe.

Tulikaa mezani na binti yetu akasoma orodha yote kimoyomoyo, kisha akasema kwa sauti ndogo: “Baba, tuagize mkate na saladi.” Tulimwelewa. Ameishi miaka 2 ugenini. Amechoka kuwa yeye ndiye mwenye kuuliza, huku meza za pembeni zikigeuka kumtazama yeye na mtandio wake. Vijana wetu wengi walio nje wana uchovu huu na hawausemi katika simu. Wengine huishia kula mkate mkavu kwa miezi, na wengine, kwa kuona haya tu, huishia kutouliza kabisa na kula kilicholetwa. Ukimtazama vizuri, aliyeacha kuuliza hakuanza kwa kudharau dini. Alianza kwa kuogopa kuwa msumbufu.

Mamake hakubishana naye. Alisimama, akaenda hadi mlango wa jikoni, akabisha. Akatoka bibi mtu mzima mwenye aproni na mikono ya unyevu. Ahali yetu hajui neno moja la lugha ile. Alionyesha chungu, akaonyesha chupa iliyokuwa juu ya meza, akatikisa kidole, kisha akaweka mkono kifuani. Bibi yule akamtazama, akacheka, akamshika mkono akamwingiza ndani. Binti yetu ikambidi awafuate ili afasiri. Sisi tulibaki na mkate kwa zaidi ya nusu saa.

Walipotoka walikuwa na sahani kubwa ya kome waliopikwa kwa maji yao wenyewe, limau na nyanya iliyosagwa, bila ya tone la divai, katika sufuria iliyooshwa mbele yao. Yule bibi alisema, kwa ulimi wa binti yetu, kwamba mamake mwenyewe alikuwa akipika hivyo miaka ya dhiki, divai ilipokuwa ni ya kuuza si ya kumwaga chunguni. Alikaa nasi akatutazama tukila. Binti yetu ndiye aliyekula kuliko sote. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akibisha milango ya majiko, nasi tukimngoja.

Maneno yenyewe ni machache na kila msafiri ayahifadhi: “bez vina” ni bila divai, “bez alkohola” ni bila ulevi wa aina yoyote, “bez svinjetine” ni bila nguruwe. Herufi ya j husomwa kama y yetu. Ulizeni kabla ya kupikwa, si baada ya kuletwa. Na ulizeni chungu gani na mafuta gani, kwani mafuta ya nguruwe, wayaitayo svinjska mast, hutumika kukaangia katika baadhi ya nyumba.

Kuna neno watakalowaambia, nasi tuliambiwa katika mkahawa mmoja wa mji wenye watalii wengi. Tuliagiza wali mweusi unaopikwa kwa wino wa dome, tukauliza kama una divai, mhudumu akasema hauna. Ulipoletwa, harufu yake ilitutia shaka, tukauliza tena. Akajibu kwamba divai ilitiwa lakini imeungua motoni, kwa hiyo haihesabiwi. Alisema kwa nia njema, hatukumwona kuwa mlaghai. Hata hivyo, divai haitoki yote kwa kupikwa. Hutoka kwa kadiri ya muda na moto, na hubaki sehemu. Na lau ingetoka yote, suala letu halikuwa la kulewa tu. Katika fikihi tuliyosomeshwa, ulevi wa majimaji ni najisi, na kikitiwa kitu najisi katika chakula cha majimaji chakula chote hunajisika. Tuliziacha sahani kama zilivyokuja, tukalipa, kwa kuwa kilipikwa kwa agizo letu, tukaenda kununua ndizi.

Siki ina maneno yake. Watu wa Dalmatia hutengeneza siki nyumbani kwa kuiacha divai igeuke, nayo hutiwa katika saladi ya pweza, katika dagaa wa kurowekwa na katika mchuzi wa samaki uitwao brudet. Madhehebu yetu yasema kwamba divai ikigeuka siki yenyewe, bila ya kutiwa kitu cha kuigeuza, hutoharika na kuwa halali. Ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, Mashafi hawaikubali, na Mahanafi huikubali. Basi siki iliyogeuka yenyewe pipani haina tabu, na mwenye wasiwasi aombe limau, ambalo huko ni tele na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Tumetaja ya kuogopwa mengi kuliko ya kufurahisha, na hiyo si haki kwa pwani ile. Kwa hakika chakula chake cha kila siku, mbali na nguruwe na divai, kinafanana na chetu zaidi kuliko cha nchi nyingi za Ulaya tulizopata kusikia habari zake. Samaki huchomwa juu ya makaa, namna waiitayo na gradele, akipakwa mafuta ya zaituni kwa kijiti cha mmea wa kienyeji uitwao ružmarin, hana zaidi ya chumvi na limau. Huyo ndiye chakula salama kuliko vyote, almradi chanja iwe haikuchomewa nguruwe. Nalo hilo huulizwa. Pembeni yake huletwa blitva, mboga ya majani iliyochemshwa na viazi na kitunguu thomu. Ahali yetu alipoionja aliikodolea macho: ni ile ile mboga yenye mashina meupe tuuziwayo sokoni Kenya kwa jina la spinachi, wala si spinachi.

Katika vijiji vya Poljica, karibu na Split, blitva hiyo hiyo hukatwakatwa ikachanganywa na kitunguu, ikatandazwa katikati ya chapati mbili pana kama sinia, ikaokwa juu ya jiwe la jiko na kufunikwa majivu ya moto. Ikishaiva hupanguswa majivu, ikapakwa mafuta ya zaituni na kitunguu thomu. Huitwa soparnik. Zamani kilikuwa chakula cha maskini, na tangu mwaka 2016 jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, ili asiitengeneze mwingine popote akaiita hivyo. Hakina nyama wala divai wala maziwa. Tulikula cha kutosha watu 6.

Kisha kuna peka, ambayo kila mama wa Kiswahili ataifahamu bila ya kuelezwa, kwani ni moto wa chini na moto wa juu. Pweza au nyama hupangwa na viazi katika chombo kipana, kikafunikwa kwa kifuniko kizito cha chuma mfano wa kuba, makaa yakarundikwa juu yake, kikaachwa kwa saa 2 au zaidi. Huagizwa mapema, aghalabu siku moja kabla, na hiyo ni rehema kwa mwenye kutaka kusema “bez vina”, kwa sababu kawaida yake hunyunyiziwa divai katikati ya kuiva. Pweza wao humlainisha kwa kumgandisha kwenye barafu. Zamani walimpigapiga juu ya mawe kama wafanyavyo akina mama wetu ufukweni hadi leo. Brudet nayo huliwa na palenta, ambayo ni ugali wa unga wa mahindi, laini kidogo. Mwanamume mmoja wa Split alitueleza kwa urefu namna ya kuukoroga usifanye madonge, tukamsikiliza kwa adabu.

Kisiwa cha Pag kina jibini ya maziwa ya kondoo inayosifiwa kote. Kondoo wake hula majani yaliyorushiwa chumvi na upepo mkali wa baharini uitwao bura. Mwenye kujichunga aulize kigandishio chake kilitoka wapi, kwani mara nyingi hutoka tumboni mwa mwana-kondoo. Upepo huo huo hukausha paja la nguruwe liitwalo pršut, ambalo huletwa sahani moja na jibini hiyo. Na pašticada, nyama ya ng’ombe ya sherehe zao, iacheni kabisa bila ya kuuliza: hurowekwa katika siki, hupikwa kwa divai au prošek, na mara nyingi huchomekwa vipande vya mafuta ya nguruwe ndani. Maharagwe pia yana mtego wake, kwa kuwa hupikwa na mfupa wa nguruwe wa moshi. Hakuna nyama inayoonekana bakulini na mgeni hudhani amesalimika.

Watoto ndio tuliowaonea huruma katika vitamu. Fritule ni kaimati zilizo dhahiri, duara na za dhahabu, zikanyunyiziwa sukari. Lakini unga wake hutiwa pombe kali ya rakija au ramu. Kroštule, zilizo mfano wa utepe uliofungwa fundo, nazo hivyo hivyo. Rožata ya Dubrovnik, maziwa na mayai yaliyogandishwa kwa sukari ya kuunguzwa, mara nyingi hutiwa kileo cha waridi. Pengine mkate wa tini nao huwa na rakija. Kinachobaki si haba: maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, lozi zilizovikwa sukari, tini kavu, asali. Zadar wana cheri chungu waitayo maraska, ambayo hutengenezwa kileo kinachouzwa dunia nzima, na pia hutengenezwa sharubati isiyo na kileo. Someni chupa.

Kwa habari ya pweza tuna la kuongeza. Wenyeji wa binti yetu kule Mostar, watu wa dini na ukarimu, walitualika siku ya kurudi. Tuliposimulia pweza wa peka, mzee wa nyumba aliweka kijiko chini. Wao ni Mahanafi, na kwao cha baharini kiliwacho ni samaki. Pweza, chaza na kome si chakula. Sisi Mashafi hula navyo hivyo kwa raha zetu. Alituuliza kwa dhati kama ni kweli masheikh wa Mombasa hula mnyama mwenye mikono 8. Tukamjibu kwamba ni kweli na tunamtia nazi. Mkewe alicheka hadi akafuta machozi. Kisha wakatupakulia mchuzi wa bamia, nao huziita bamija, na baada yake kahawa, na tukanawa kwa sapun. Lugha zetu mbili hazina udugu, ila zote mbili zilichota katika kisima kimoja, wao kwa njia ya Waturuki.

Uislamu huko si mgeni wa jana. Dubrovnik ilipokuwa dola ndogo yenye kujitawala ilikuwa ikimlipa Sultani wa Uturuki dukati 12,500 kila mwaka ili iachwe na biashara yake, na misafara ya Bosnia ilikuwa ikifika hadi malangoni mwake. Mwaka 1916 Bunge la Kroatia liliitambua dini yetu kwa sheria. Msikiti mkubwa wa Zagreb ulifunguliwa mwaka 1987 na wa Rijeka, ulio karibu na bahari, mwaka 2013. Dubrovnik kuna chumba cha kusalia katika mji wa kale, tulisali humo. Zagreb kuna kituo kinachothibitisha vyakula vya halali, na alama yake huonekana katika baadhi ya nyama za madukani. Suala la nyama ya Ahlul Kitabu lina maneno marefu baina ya wanazuoni, hatulifungui hapa. Sisi katika siku zile tulitosheka na samaki. Ila na tuonye kwamba ćevapi za Bosnia, vibanzi vya nyama ya kusaga ya ng’ombe au kondoo, zikifika pwani ya Kroatia mara nyingi huchanganywa na nguruwe, kwa jina lile lile na sura ile ile.

Mama yule tulimjibu hivi. Mwanao hatalala njaa. Pana samaki, mayai, mboga, mkate na matunda, na akijua maneno matatu atakula vizuri kuliko anavyokula katika hosteli ya chuo. Lakini si chakula chake tu kinachotushughulisha. Tulimwomba auangalie tena mkataba, kwani neno “jikoni” ni pana: ndani yake mna kuoka mikate na kuosha samaki, na mna kukata nguruwe na kumimina divai juu ya mchuzi wa wengine. Kuimimina na kuihudumia hatuwezi kumhalalishia, hata kwa mshahara ule. Aandike barua kabla ya kupanda ndege, aombe kitengo cha mikate au cha mboga. Hoteli zina vitengo hivyo, na mtu huulizwa atakalo kabla ya kufika, ni nadra kuulizwa baada. Mama alinyamaza kidogo, kisha akatuomba tumwandikie barua hiyo kwa Kiingereza. Tumeiandika na imetumwa, jibu halijaja.

Ahali yetu alirudi na kopo la lita 5 la mafuta ya zaituni, lililonunuliwa kwa mkulima wa Pelješac ambaye alikuwa ndiyo kwanza amekamua. Yalikuwa ya kijani, yenye kuwasha koo kama pilipili, na majirani walioonjeshwa walikunja nyuso kwanza. Yalimalizika kabla ya Rajabu kuingia.